Mbegu ya Mbeka

Jumatatu, 1 Agosti 1955

Bawa la kushoto limekamilika. La kulia bado. Nyeupe ndiyo inayonitesa. Vipepeo wa Sokolo si weupe wa karatasi, ni weupe wa maziwa yaliyolala, na katika kisanduku changu cha rangi hakuna weupe huo. Nachanganya na tone la chai. Bwana Daktari hajui habari za chai na hatazijua kwangu.

Sista mpya wa chumba cha ushonaji, ninapofundisha asubuhi, ameniuliza ni kazi gani hasa ninayofanya mchana kwa yule Mbelgiji. Nikamweleza. Ni daktari wa wadudu, si wa watu, ndiyo maana mji mzima unamwita Bwana Kipepeo. Anachunguza visiwa viwili vya mto wetu: Sokolo, mkabala na nyumba yetu hapa Alunguli, na Mbeka, chini zaidi, zinakopita meli za mvuke. Kipepeo ni wa aina moja visiwa vyote viwili. Lakini wa Sokolo ana mabawa karibu meupe matupu, na wa Mbeka ana ukingo mpana wa kahawia. Ni mdudu wa kivulini. Hathubutu kuvuka maji mapana yenye jua. Basi kila kisiwa kinazaliana chenyewe kwa chenyewe, na kila kizazi kinazidi kuachana na ndugu zake wa ng'ambo. Picha za kamera hazionyeshi rangi, ndiyo sababu ananihitaji.

Sista akasema Mungu ni mkubwa. Kisha akanipa vifungo nishone.

Alhamisi, 4 Agosti

Joto. Vidole vinanuka spiriti.

Amisi amenivusha jioni kutoka mjini, ng'ambo ya mto. Yeye ndiye mlinzi wa visiwa, ana mtumbwi wa Daktari na ruhusa ya Daktari. Wengine wote wamekatazwa kukanyaga huko msimu huu, kwa amri ya Teritware, ofisi ya Serikali. Viwavi wa vipepeo hao ndio hao hao wanawake wetu huvuna kila mwaka, wakala, wakakausha, wakauza. Mwaka huu hakuna kuvuna. Mama alipoisikia amri alicheka. Kicheko chake kile sikipendi.

Harusi yetu ni baada ya mvua za kwanza. Nampenda Amisi, niandike tu, nani atasoma. Nina miaka ishirini na sita na shangazi zangu walikuwa wamekwisha kunitoa kwenye hesabu. Lakini yeye ni wa nyumba ya Mbeka na mimi ni wa nyumba ya Sokolo. Zamani wazee wetu waliishi visiwani, kabla Serikali haijatuhamishia kando ya barabara. Wakati wa vita vya watumwa watu wa Sokolo walikimbilia Mbeka wakafungiwa njia. Au walikuwa wa Mbeka waliokimbilia Sokolo. Inategemea nani anasimulia. Tangu hapo hatujaoana. Miti ya visiwani bado ina wenyewe, kila mama anajua yake, lakini wa Sokolo hagusi ya Mbeka na wa Mbeka hagusi ya Sokolo. Wajomba zangu na wajomba zake wamebishana mpaka wakachoka ndipo wakakubali. Sisi ndio wa kwanza.

Mama amerudi kutoka mtoni kitenge kimelowa mpaka kiunoni. Anasema alikuwa anaosha sufuria. Sufuria zilikuwa jikoni.

Jumanne, 9 Agosti

Mambo mabaya.

Bwana Daktari amerudi kutoka Sokolo kabla ya saa zake. Hakuvua kofia. Ameweka kisahani mbele yangu, na ndani yake kiwavi mwenye kichwa chekundu. Akasema nichore. Viwavi wa Sokolo wana kichwa cha kijani. Kichwa chekundu ni cha Mbeka, na Mbeka tu. Huyu ametoka Sokolo. Na si mmoja. Miti ya upande wetu imejaa.

Si mtu wa kupiga kelele. Leo sauti yake ilikuwa ndogo kabisa, ikanitisha zaidi. Amesema viwavi hawaogelei. Kuna mtu amewahamisha kwa mkono. Wakigeuka vipepeo wakazaana na wa Sokolo, damu ya visiwa viwili itachanganyika, na hakuna atakayejua tena kipi kilikuwa cha wapi. Kazi yake yote itakuwa maji. Ameandika barua kwa Teritware hapo hapo, amesimama.

Nimechora. Nilipofika kichwani nikaharibu karatasi, nikaanza nyingine.

Jumatano, 10 Agosti

Wamemkamata Amisi.

Polisi wawili, gatini, mchana kweupe. Nilikuwa pale na mkoba wangu wa brashi. Hoja yao ni nyepesi: mtumbwi mmoja tu una ruhusa, na mtu mmoja tu anaupiga kasia. Walimuuliza kama ni yeye. Hakusema ndiyo wala hapana. Alitazama maji. Mimi hakunitazama kabisa.

Kwa nini hakusema hapana? Neno moja. Nimekasirika naye kiasi cha kumpiga.

Alhamisi, 11 Agosti

Alunguli yote inaongea. Mjomba wangu mkubwa alikuja asubuhi hata chai hajanywa. Anasema mtu wa Mbeka ameleta wadudu wa kwao waje kumaliza majani ya miti yetu. Anasema alituonya. Hakutuonya lolote. Yeye ndiye aliyekula mbuzi wa posa kwa meno yote.

Kwa watu wa Mbeka inasemekana kinyume chake: Sokolo wamemfunga kijana wao kwa hila, na mchumba wake anafanya kazi kwa huyo huyo Mzungu, basi jumlisha mwenyewe. Jirani mmoja amenigeuzia mgongo kisimani.

Gerezani wanapiga fimbo asubuhi, wakati wa mstari. Kila mtu anajua. Mimi pia najua, na leo nimefundisha wasichana mshono wa kifundo kana kwamba sijui.

Mama hajatoka ndani. Anasema kichwa.

Ijumaa, 12 Agosti

Nimempelekea chakula. Askari wa mlangoni, Mkasai mmoja mpole, alinisikiliza, akaniacha nisimame kwenye uzio mpaka atakapomaliza sigara yake.

Amisi amevimba mdomo. Shati limeshikana na ngozi ya mgongo. Nikamwambia aseme ukweli wowote ule alionao. Akatazama huku na huku, kisha akasema polepole:

"Uliza mama yako. Kiisha unyamaze."

Basi. Askari akazima sigara.

Sikuvuka moja kwa moja. Nilikaa gatini na bakuli tupu mapajani. Naogopa kwenda nyumbani. Naogopa jibu.

Jumamosi, 13 Agosti

Nimeuliza. Mama hakukana hata kidogo. Hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Alikuwa anachambua mchele na hakuacha kuchambua.

"Ile njo mbegu ya ndoa," alisema. "Mama Amisi alileta, miye nikapokea. Tulikutana kwa muchanga katikati ya maji, kila muntu na mutumbwi yake. Nikapanda kwa miti yangu. Miti iko yangu, haiko ya Muzungu."

Hivi ndivyo ilivyo, kama alivyonieleza, na mimi msomi wa Masista sikuwa najua lolote. Zamani, nyumba ya kisiwa kimoja ilipooana na nyumba ya kisiwa cha pili, mama wa mume alichukua viwavi wachanga kutoka miti yake, kwenye jani, akamkabidhi mama wa mke. Yule akawapanda kwenye miti yake mwenyewe. Wakila, wakakua, wakatoka vipepeo, ndoa imeshika. Wakifa, watu wanarudishiana vitu vyao bila matusi. Bibi-arusi haambiwi mpaka vipepeo watoke, asije akaenda kuchungulia akawatia jicho. Tangu ugomvi ule hakuna aliyefanya hivyo, kwa sababu hakuna aliyeoa. Bibi yangu alimwambia Mama jinsi ya kupanda, iwapo siku ingefika. Siku imefika, akapanda. Amri au hakuna amri.

Amisi alijua. Aliwaona, akageuza mtumbwi ukatazama upande mwingine. Sasa anapigwa kwa ajili ya mama wawili.

Nilimwambia Mama maneno ambayo siyaandiki. Akaendelea na mchele.

Jumapili, 14 Agosti

Sikwenda misa.

Mama amevaa kitenge chake kizuri tangu alfajiri. Anataka kuvuka ajisalimishe Teritware. Ana moyo mgonjwa na magoti mabovu, na gereza la wanawake ni chumba kimoja nyuma ya lile la wanaume, bila dirisha. Nimeficha kasia lake juu ya dari la jiko. Amelitafuta kutwa bila kuniuliza. Tumekuwa tukipishana humu ndani kama paka wawili.

Nikisema, nawatia mama wawili matatani. Nikinyamaza, Amisi atahukumiwa wiki hii, Mkasai ameniambia. Na nyumba mbili zitarudi zilikokuwa, kila mmoja na hadithi yake ya nani alimfungia nani njia.

Namchukia Bwana Kipepeo. Kisha namkumbuka anavyomshika mdudu kwa ncha za vidole asimvunje mguu, na chuki inakosa pa kukaa. Angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi. Kesho ni sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Ofisi zitafungwa. Atakuwa nyumbani kwake.

Jumatatu, 15 Agosti

Nimesema.

Alikuwa barazani na kahawa. Alidhani nimeleta michoro. Nilibaki nimesimama, nikasema yote kwa Kifaransa cha darasani, mbegu, jani, mama wawili, mchanga wa katikati ya maji. Nikasema ndoa hiyo ni yangu.

Aliweka kikombe chini. Kisha akaniuliza: kabla ya ugomvi, walikuwa wakioana mara kwa mara? Nikasema ndiyo, ndivyo Mama asemavyo. Na viwavi walivuka kila mara? Kila ndoa. Na tangu ugomvi hakuna hata mmoja? Hakuna.

Akainuka. Uso ulimwiva kwa furaha. Sikutegemea furaha. Akatembea barazani huku na huku akisema kuwa sasa anaelewa. Vipepeo hawakutengana kwa sababu ya maji peke yake. Maji yalikuwapo siku zote, na mama zetu waliyavuka na majani yao, wakachanganya damu ya visiwa kila walipochanganya damu ya watu. Sisi tulipoacha kuoana, vipepeo nao wakaacha. Ukingo wa kahawia wa Mbeka, weupe wa Sokolo, vyote ni ugomvi wetu umeandikwa kwenye mabawa. Akasema ni jambo zuri mno, zuri mno. Akachukua kalamu.

Nilimwambia Amisi anapigwa fimbo kila asubuhi.

Akaacha kalamu. Nadhani aliona haya, namsifu kwa hilo. Aliahidi kwenda leo leo kwa Ajenti wa Teritware, nyumbani kwake, kusema malalamiko ameyafuta, na majina ya akina mama hayatatajwa. Lakini. Nilijua kuna lakini. Viwavi wa Mbeka lazima watoke Sokolo wote, kabla hawajajifunga kuwa vipepeo. Sasa kwa kuwa anajua ugomvi una thamani gani, hawezi kuuacha uharibike. Ndivyo alivyosema, uharibike. Na anayewatambua kwa jicho, hata wakiwa wadogo, ni mimi niliyewachora. Kesho asubuhi. Yakiisha hayo, Amisi atatoka.

Sikumjibu vizuri. Nilisema ndiyo kwa sauti ya mtu mwingine.

Jumanne, 16 Agosti

Nimewatoa.

Sikumwambia Mama. Nilirudisha kasia mahali pake nikaondoka. Daktari mwenyewe alipiga kasia, vibaya, tukazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa mpaka tukafika.

Miti ya Mama iko ufukweni, majani mapana, kivuli kizito. Viwavi walikuwa wamenenepa. Mama alijua kuchagua majani. Walikaa wamebanana, vichwa vyekundu vyote upande mmoja, wanakula. Ukitulia unawasikia. Niliwashika mmoja mmoja nikawatia kwenye kopo la spiriti. Wanajikunja, kisha wananyooka. Daktari alikuwa nyuma yangu na kioo chake cha kukuzia, anasema asante, asante, kila kopo linapojaa. Baadaye akanyamaza.

Kwenye tawi la juu, ambalo yeye halioni, kulikuwa na kundi la mwisho. Mkono wangu ulifika. Ningeweza kusema hakuna. Ningeliacha, pengine vipepeo wachache wangetoka, pengine Mama angepata wake wa kuonyesha. Na pengine Daktari angewaona wakiruka, akamrudisha Amisi ndani kwa uongo wangu. Niliwaza shati lililoshikana na ngozi. Nikalivuta tawi chini, nikalimaliza.

Niliporudi Mama alinusa mikono yangu. Spiriti haifichiki. Akaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Alhamisi, 18 Agosti

Amisi yuko nje. Amekonda, anatembea kama mzee, lakini yuko nje, na kazi ya ulinzi ameondolewa. Nilimwona kwa mbali gatini. Alininyooshea mkono. Nilifurahi mno.

Mchana Mama Amisi amevuka kuja kwetu. Mara yake ya kwanza kukanyaga ua wetu. Mama alimtandikia mkeka mpya. Mama Amisi hakukaa. Ni mwanamke mfupi, ana sauti laini. Alinishika mikono yote miwili.

"Umeniokolea mutoto. Aksanti, mama. Mungu akubariki," alisema. "Lakini mbegu yangu imetoka na mukono ya bibi-arusi mwenyewe. Ile ndoa hakuna muntu anaweza kuifunga tena. Kama ilikufa yenyewe, tungeweza kupanda ingine. Wewe uliitoa."

Nikamwambia nililazimishwa. Akasema anajua. Akasema angekuwa mimi angefanya vile vile, kisha angekataliwa vile vile. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. Alimsalimu Mama kwa heshima, wakaagana kama watu waliotoka msibani, akarudi mtumbwini kwake.

Mama hakunilaumu. Alikunja mkeka.

Jumapili, 21 Agosti

Amisi alinisubiri nje ya kanisa. Anasema anakwenda Kampene, kwenye machimbo, wanaajiri. Anasema nimfuate, tuandikishane huko mbele ya karani, mambo ya viwavi tuwaachie wazee. Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

Kisha nikamuuliza kama atamwambia mama yake. Akasema atamwambia baadaye. Namjua. Mtu aliyekubali kuvunjwa mgongo asimtaje mama yake hataoa kwa kumficha mama yake, na akioa hivyo atanichukia kabla watoto hawajaota meno. Nikamwambia aende kwanza. Aniandikie.

Akasema ataandika. Alivaa kofia, akaivua, akaivaa tena. Nilimtazama mpaka kona ya stesheni.

Ijumaa, 2 Septemba

Wajomba wamerudishiana vitu. Hakukuwa na matusi. Mjomba wangu mkubwa alitaka kuanzisha, Mama akamtazama, akakoma.

Mbuzi aliyeliwa amelipiwa kwa mbuzi mwingine, mwembamba zaidi. Hata hilo Mbeka walipokea bila neno.

Silali vizuri. Mchana nafanya makosa ya kitoto, jana nilimchora kipepeo mwenye papasi tatu kichwani badala ya mbili.

Jumatano, 14 Septemba

Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri, ikakatika. Bwana Daktari amenipeleka Sokolo kuona vipepeo waliotoka. Hakutaka kunilazimisha, alisema naweza kubaki. Nilikwenda.

Walikuwa wengi chini ya miti ya Mama, kwenye majani yaliyolowa, wanakausha mabawa. Alitembea kati yao ameinama, mikono nyuma, kama mtu aliye kanisani. Hakukuwa na ukingo wa kahawia hata mmoja. Nilimuuliza amri ya visiwa itaondolewa lini. Akasema atakaporidhika. Si mwakani, nadhani. Aliniambia kwa upole. Kisha akaniuliza kama nimepata habari kutoka Kampene, na mimi nikajifanya sikusikia, akaniacha.

Nyumbani Mama alikuwa amepika mihogo na samaki mdogo. Tulikaa. Aliuliza bila kuniangalia:

"Vipepeo banatoka rangi gani?"

Nikasema nyeupe.

"Bote?"

"Bote, Mama."

Akatoa miiba kwenye samaki, akaisogeza sahani upande wangu. Tukala mpaka ikaisha.